Sauti Iliyofika Mstari wa Mwisho: Kisa cha M. K. Thyagaraja Bhagavathar

Oktoba 1944, siku za Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, sinema ya Broadway mjini Madras (leo Chennai, kusini mwa India) ilianza kuonyesha filamu iitwayo Haridas. Deepavali ya 1945 ikaikuta palepale. Ya 1946 nayo ikaikuta. Watu waliingia, wakatoka, wakarudi tena na mama zao, na bango la mlangoni halikushushwa. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, mwanamume aliyekuwa akiimba ndani ya ukumbi ule, nywele zimemshuka mabegani, alikuwa gerezani kwa kesi ya mauaji.

Jina lake M. K. Thyagaraja Bhagavathar. Watamil humfupisha MKT, nami nitafanya hivyohivyo. Husemwa mambo mawili juu yake: kwamba ndiye nyota mkubwa wa kwanza wa filamu za Kitamil, na kwamba ile kesi ndiyo iliyommaliza. La kwanza silipingi. La pili ukilishika mkononi unaona lina tundu. Mahakama ilimwachia huru. Watazamaji hawakumkimbia, Broadway ni shahidi. Na mwenzake waliyefungwa pamoja, mchekeshaji N. S. Krishnan, alitoka siku zilezile akarudi kazini, na kazi ikamkubali. Gereza moja, kesi moja, hukumu moja. Sasa mbona mmoja alisimama na mwingine hakusimama?

Mtoto wa sonara

MKT alizaliwa mwaka 1910 huko Mayavaram, katika bonde la mto Kaveri, kusini mwa India, kwenye ukoo wa masonara. (Neno letu "sonara" nalo lilivuka bahari kutoka India, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa kazi yenyewe: kitanuri, nyundo ndogo, na macho yanayochoka mapema.) Familia ilihamia Tiruchirappalli, mji ambao wengi huuita Trichy. Mtoto hakuwa na hamu na shule wala na kitanuri. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani, baba akamtafuta mpaka akachoka, kisha akapata habari kuwa yuko Cuddapah, mbali upande wa kaskazini. Alipomfikia alimkuta amezungukwa na watu, anaimba. Baba akamrudisha nyumbani, lakini habari ya shule ikaishia hapo.

Aliyempandisha jukwaani ni ofisa wa reli, F. G. Natesa Iyer, mwanzilishi wa chama cha sanaa cha Rasika Ranjana Sabha pale Trichy. Alimpa nafasi ya Lohitadasa, mwana wa mfalme Harishchandra, yule mfalme asiyesema uongo hata anapolazimika kumuuza mke na mtoto. MKT alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Baadaye akapelekwa kusomea muziki wa Kikarnataka, muziki wa jadi wa India ya kusini, kwa mpiga fidla Madurai Ponnu Iyengar, akakaa naye miaka. Hilo "Bhagavathar" la mwisho wa jina lake si la ukoo. Ni heshima anayopewa mwimbaji aliyesoma, kama sisi tunavyomwita mtu fundi au ustadi tukiwa tumeridhika na kazi yake.

Hapa pana haja ya kukaa kidogo, maana jukwaa lile ndilo lililomtengeneza, na mimi naamini ndilo lililomponza.

Mwanzoni mwa karne ya 20 tamthilia ya Kitamil ilikuwa imeshikwa na vikundi vya wavulana, na aliyeviwekea msingi ni Sankaradas Swamigal, mtunzi na mwalimu aliyefariki mwaka 1922. Mtoto aliingia kikundini mdogo, akakariri nyimbo na mazungumzo ya hadithi zote, akala humo, akalala humo. Akishakua na sauti ikambakia, alitoka na kuwa mwigizaji wa kukodiwa. Mwenye shughuli kijijini angemkodi Arjuna, yule shujaa wa upinde katika utenzi wa Mahabharata, kutoka mji huu, malkia kutoka mji ule, mchekeshaji kutoka kwingine, nao wangekutana jioni ileile nyuma ya pazia bila mazoezi yoyote. Hapakuwa na shida. Hadithi ni zilezile, kila mmoja anazijua, na watazamaji wanazijua kuliko wote.

Sasa jiulize: kama kila mtu anajua Arjuna atasema nini na mwisho utakuwaje, watu wanalipia nini? Wanalipia sauti. Onyesho lilianza usiku, likaenda mpaka alfajiri, chini ya taa za karabai, mbele ya umati uliokaa chini na watoto waliolala mapajani. Kipaza sauti hakuna. Mwimbaji ilimbidi apandishe sauti juu sana, juu kuliko anavyohitaji mwimbaji wa sebuleni, ili aliyekaa mstari wa mwisho kabisa, aliyelipa senti chache, apate haki yake sawa na tajiri wa mbele. Wimbo ukipendeza, watu walidai urudiwe, na hadithi ikasubiri. Arjuna angeweza kusimama na upinde mkononi robo saa nzima akizungusha mstari mmoja, na hakuna aliyemuuliza vita vitaanza lini.

Mfalme wa jukwaa hilo alikuwa S. G. Kittappa, na pamoja naye mkewe K. B. Sundarambal, sauti kwa sauti. Santuri zao zilizunguka India ya kusini na Ceylon (Sri Lanka ya leo). (Ni zama zilezile ambapo Siti binti Saad alisafirishwa kutoka Unguja kwenda Bombay, mwaka 1928, kuimbia santuri. Kampuni za Kizungu zilikuwa zimeshagundua kuwa pwani zote mbili za bahari hii zina watu walio tayari kununua sauti.) Kittappa alifariki mwishoni mwa 1933, hata miaka thelathini hajafika. MKT, ambaye alikuwa akivuma kama Arjuna katika tamthilia ya Pavalakkodi pamoja na S. D. Subbulakshmi, akajikuta hana wa kumzidi. Miezi michache baadaye, kamera ikaja kumchukua.

Kunguru wa Adyar

Filamu ya kwanza ya kusema kwa Kitamil, Kalidas, ilitoka mwaka 1931. Pavalakkodi ikafuata 1934, ikiongozwa na K. Subramanyam, naye ilikuwa filamu yake ya kwanza. Walichofanya ni kuichukua tamthilia kama ilivyo na waigizaji wake wawili wakuu, wakaiweka mbele ya lenzi. Ilikuwa na nyimbo zipatazo hamsini. Hamsini! Siku hizi filamu ikiwa na nyimbo sita watu wanaangalia saa.

Ilipigwa mjini Madras, eneo la Adyar, kwa mwanga wa jua. Sauti ilinaswa papo hapo: mwimbaji anaimba mbele ya kamera, wapigaji wamejificha pembeni nje ya picha, na kipaza sauti kinachukua kila kitu kilichopo hewani. Inasimuliwa kwamba mchana chakula kilipofunguliwa, kunguru walijaa mitini wakaanza makelele, na kazi ikasimama. Ikabidi akodiwe mtu mwenye bunduki ya upepo, kazi yake kuwafukuza kunguru, na wanaosimulia huongeza kwamba jina lake liliwekwa kwenye orodha ya watengenezaji wa filamu. Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha mzigo ulikuwa umekaa wapi. Mandhari inaweza kuwa duni, ndevu za gundi zinaweza kuning'inia, lakini mtu asiiguse ile sauti.

Kutoka hapo MKT alipanda bila kupumzika. Mwaka 1937 peke yake ulimpa filamu mbili. Chintamani, iliyoongozwa na Y. V. Rao, ilikaa katika ukumbi mmoja zaidi ya mwaka, na faida yake ikajenga sinema mjini Madurai iliyopewa jina hilohilo, Chintamani. Ya pili, Ambikapathy, ni kisa cha mwana wa mshairi Kambar aliyempenda binti wa mfalme, nayo iliongozwa na Mmarekani, Ellis R. Dungan, ambaye Kitamil hakukijua. Wala hakuna aliyeona ajabu. Kama kazi ya filamu ni kumwekea mwimbaji taa vizuri, lugha ya nini? Ila ndani ya Ambikapathy kulikuwa na mtu mmoja wa kumkumbuka, mwandishi wa mazungumzo, Ilangovan. Maneno yake watu waliyashika na kuyarudia mitaani kama wanavyorudia nyimbo. Mbegu ilikuwa imeanguka pale, kwenye filamu ya MKT mwenyewe, miaka kumi kabla hajaiona imeota.

Zikaja Thiruneelakantar 1939, Ashok Kumar 1941, Sivakavi 1943. Mashairi mengi ya nyimbo zake yalitoka kwa Papanasam Sivan, na mahadhi ya baadhi ya hizo za miaka ya arobaini aliyashona G. Ramanathan, ambaye nitamrudia. Vijana walifuga nywele zao kama zake. Alivaa hariri na vipuli vya almasi, na zilivuma habari kwamba nyumbani kwake chakula huliwa kwenye sahani ya dhahabu. Iwe kweli au chuku, mtoto wa sonara aliyekataa nyundo alikuwa ameipata dhahabu kwa njia yake.

Haridas ndiyo kilele. Kijana wa kitajiri anawadharau wazazi wake, anatekwa na malaya wa kifahari aitwaye Rambha (T. R. Rajakumari), ananyang'anywa kila kitu, anapoteza hata miguu, kisha anatubu na kuwatumikia wazazi mpaka Mungu mwenyewe anapobisha hodi anaambiwa asubiri kwanza. Filamu inafunguka MKT akiwa juu ya farasi mweupe, anaimba kwa raha ya mtu asiyejua kinachomngoja. Waliomtazama tena Deepavali ya mwaka uliofuata walikuwa wanajua.

Kisu cha Vepery

Madras kulikuwa na mtu aitwaye C. N. Lakshmikanthan, aliyewahi kufungwa kwa kughushi. Alichapisha gazeti la umbea, Cinema Thoothu, ambalo riziki yake ilikuwa ni vitanda vya waigizaji: nani kaonekana na nani, wapi, saa ngapi. Wenye majina walimlipa ili asiandike. MKT, Krishnan na mwenye studio S. M. Sriramulu Naidu, aliyeiongoza Sivakavi, walichoka, wakamwandikia gavana wa Madras, Sir Arthur Hope, wakiomba gazeti lifutiwe kibali. Likafutwa. Lakshmikanthan akashika gazeti jingine, Hindu Nesan, na maandishi yakawa makali zaidi.

Tarehe 8 Novemba 1944, wiki chache tu baada ya Haridas kuanza, alikuwa amepanda riksho ya kukokotwa na mtu katika eneo la Vepery alipovamiwa na kuchomwa kisu. Alifariki hospitalini siku iliyofuata. Lile ombi kwa gavana, lililofanywa kwa njia halali kabisa, sasa likageuka dalili: hawa ndio waliokuwa na kinyongo naye. Upande wa mashtaka ulidai kuwa waigizaji walitoa fedha na wengine wakatenda. Watatu hao wakakamatwa pamoja na watu wengine kadhaa.

Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu ya Madras mbele ya jopo la raia, na mmoja wa waliotuhumiwa aligeuzwa shahidi wa serikali. Mei 1945 jopo lilitoa uamuzi wa wengi, sita kwa watatu. Naidu akaachiwa. MKT na Krishnan wakahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ya kwanza ikatupwa. Wakaenda mpaka London, kwenye Baraza la Faragha la Mfalme, chombo kilekile kilichokuwa kikipokea rufaa za mwisho kutoka makoloni ya Afrika Mashariki, nalo likaamuru rufaa isikilizwe upya Madras. Aprili 1947 majaji wawili waliupitia ushahidi tena, wakaona hauwezi kumfunga mtu, wakawaachia huru.

Kuhesabu hasara ya mfukoni ni rahisi. Mikataba ya filamu aliyokuwa ameshaisaini iliyeyuka, fedha za mwanzo alizopokea zikadaiwa, mawakili wakalipwa, mali ikapukutika. Miaka miwili na ushei ikapotea, tena ile ya umri wa miaka 34 hadi 37, ambapo mwimbaji wa kiume ameiva. Silipunguzi hata kidogo. Lakini hayo yote yalimpata Krishnan pia.

Waliorudi watatu

Krishnan alikuwa mchekeshaji, mara nyingi katika filamu zilezile za MKT, akiigiza na mkewe T. A. Madhuram. Haridas yumo. Alipotoka gerezani alikuta siasa za Watamil zimechemka. Harakati za Kidravida, zilizopinga ukuu wa Mabrahmani, tabaka la juu la makuhani, na kuhubiri fahari ya Kitamil, zilikuwa zinatafuta jukwaa, na waandishi wake, C. N. Annadurai akiwa mbele, wameona kuwa jukwaa lenyewe ni sinema. Mwaka 1949 Krishnan alitoa Nallathambi, iliyoandikwa na Annadurai.

Ndani ya Nallathambi kuna kipande kimoja kinachoeleza mambo kuliko kitabu. Watamil wana ghani za dini ambapo msimulizi husimama na wapigaji wake akasimulia maisha ya mtakatifu, nusu kwa kuimba na nusu kwa kusema. Moja inayopendwa sana ni ya Nandanar, mtu wa tabaka la chini anayetamani kuliona hekalu la Chidambaram. Krishnan alisimama vilevile, kwa mkao uleule na vitikio vilevile, lakini akasimulia habari za Kindanar, kijana wa tabaka la chini anayetamani kwenda mjini kusoma, na anayepanda treni, ambamo tabaka zote hukaa benchi moja. Watu walicheka mpaka machozi, na wakiwa katikati ya kicheko wameshakubali hoja. Chombo ni cha zamani, mzigo ni mpya. Krishnan aliweza hivyo kwa sababu mtaji wake haukuwa sauti. Ulikuwa maneno na wakati wa kuyatoa, na wakati wenyewe ulikuwa umegeuka ukamfuata alipo.

MKT naye alirudi na filamu aliyoitengeneza mwenyewe, Raja Mukthi, iliyotoka 1948 baada ya kupigwa mbali, Pune. Hakwenda na watu dhaifu. Mazungumzo aliyapa kwa Pudhumaipithan, mwandishi wa hadithi fupi ambaye leo anasomeshwa vyuoni, naye aliugua kifua kikuu na kufariki mwaka huohuo. Miongoni mwa waigizaji walikuwamo M. G. Ramachandran na V. N. Janaki, waliokuja kuoana na ambao, mmoja baada ya mwingine, walikuja kuwa mawaziri wakuu wa jimbo la Tamil Nadu. MKT alikuwa amejaza jukwaa lake watu wa kesho. Yeye mwenyewe akaigiza mfalme anayeimba, kama mwaka 1934.

Kuna jambo moja dogo humo. Raja Mukthi ndiyo filamu ambayo M. L. Vasanthakumari, wakati huo binti mdogo, alianza kuimba kwa niaba ya mwigizaji. Yaani wimbo unarekodiwa kando, studio, na mwanamke mbele ya kamera anachezesha midomo tu. Ufundi huo ulikuwapo India tangu miaka ya thelathini, lakini sasa ulikuwa unageuka desturi. Fikiria maana yake kwa mtu wa aina ya MKT. Hakuna tena haja ya mwenye sauti kuwa na sura, wala mwenye sura kuwa na sauti. Mtayarishaji anaweza kununua kila kimoja dukani kwake. Thamani ya MKT ilikuwa kwamba viwili hivyo vilikuwa ndani ya mtu mmoja, na mabadiliko hayo yalipita chini ya paa lake, kwenye filamu aliyoilipia.

Filamu haikufanya vizuri. Zilizofuata pia. Mwaka 1952 alitoa Amarakavi, akiwa mshairi, nyimbo zikiwa nyingi na nzuri. Deepavali ya mwaka huohuo ikaja Parasakthi, mwandishi M. Karunanidhi, mwigizaji kijana kutoka jukwaani aitwaye Sivaji Ganesan. Sehemu iliyoiwasha nchi ni ya mahakamani: kijana amesimama kizimbani, anazungumza. Haimbi. Anazungumza tu, Kitamil kilichonolewa, sentensi inaifukuza sentensi, anaishtaki jamii iliyomshtaki. Watu walikariri hotuba ile kama baba zao walivyokariri nyimbo za Chintamani. Huwa nafikiri kuwa katika waigizaji wote wa Madras, aliyekijua kizimba cha kweli alikuwa MKT, na hadithi ya mtu aliyeshtakiwa ilikuwa yake kwa haki zote. Lakini shule aliyosomea haikumfundisha kuzungumza robo saa. Ilimfundisha kuimba robo saa.

Mtu ataniambia: basi ni zama tu, mwimbaji wa jukwaa hakuwa na la kufanya. Ndipo namleta wa tatu, K. B. Sundarambal, mjane wa Kittappa. Huyu hakufungwa na mtu. Alijifunga mwenyewe. Mumewe alipofariki alivaa nyeupe na kuapa kutocheza tena na mwanamume kama mpenzi wake. Filamu yake ya 1935, Nandanar, aliigiza nafasi ya mtakatifu mwanamume, kwa malipo ya rupia laki moja yaliyozungumzwa kila mahali. Baada ya Manimekalai ya 1940 akakaa kando ya sinema zaidi ya miaka kumi. Kisha mwaka 1953, S. S. Vasan wa studio ya Gemini akamrudisha kuwa Avvaiyar, bibi kizee mshairi wa Watamil, mwenye mkongojo. Sauti yake ilikuwa ileile ya juu, ya mstari wa mwisho, isiyokubaliana na zama za kipaza sauti. Na ikapokewa kwa shangwe. Nani atamshangaa bibi mtakatifu akiimba kama zamani? Zamani ndiko kwake.

Kwa hiyo mlango ulikuwapo, mwembamba lakini wazi. Sundarambal alipita kwa kukubali mvi. Krishnan alipita kwa kubadilisha mzigo. MKT aliendelea kuja na uzuri wake, na watu walimheshimu mno hata wasimwambie. Kesi ilimwondoa barabarani hasa pale barabara ilipokuwa inakata kona. Angekuwapo, huenda angekata nayo polepole, filamu baada ya filamu, kama wengine. Alirudishwa baada ya kona, akatembea moja kwa moja. Hivyo ndivyo ninavyoigawa lawama: gereza lilimchelewesha, lakini kilichomwangusha ni kwamba alirudi akitafuta kiti kilekile.

Sitaki pia kumfanya mjinga. Alikwenda sana mahekaluni baada ya kutoka, na kwenye matamasha ya kuimba bado watu walimiminika. Huko sauti ilikuwa bado inatosha peke yake. Sinema ndiyo iliyokuwa imeacha kuihitaji kwa namna ile.

Mwaka 1957 aliongoza na kuigiza Puthu Vazhvu, jina lenye maana ya maisha mapya. Haikumpa maisha mapya. Oktoba ya mwaka huohuo kisa cha Ambikapathy kilitengenezwa tena, miaka 20 baada ya kile chake. Mahadhi aliyapanga G. Ramanathan, yuleyule wa Sivakavi na Haridas. Krishnan alikuwamo, akafariki mwezi Agosti kabla kazi haijakamilika. Mwana wa mshairi, ambaye mwaka 1937 alikuwa mtu mmoja, safari hii alihitaji wawili: uso wa Sivaji Ganesan, na sauti ya T. M. Soundararajan, mwimbaji ambaye alipoanza sinema mwaka 1950 alianza kwa wimbo ulioigiza uimbaji wa MKT.

MKT alifariki hospitalini Madras tarehe 1 Novemba 1959, akiwa na umri wa miaka 49. Alikuwa ameigiza katika filamu 14. Ya mwisho, Sivagami, ilitoka mwaka uliofuata, na humo bado anaimba mwenyewe.